Finjani Niliyoiweka Chini

Niliondoka nyumbani Engutoto, Arusha, kwa sababu ya malaria ya mtu mwingine.

Daktari Nayef, mtaalamu wa magonjwa ya mifugo kutoka Yordani, alikuja Arusha miaka ile ya soko huria, madukani kulipojaa sabuni za kila rangi na kila mwenye chumba cha uani akaanza kupangisha. Mimi ni mwalimu wa historia, na chumba cha uani nilikuwa nacho. Akapanga kwangu. Alikuwa akishinda mnadani Ngaramtoni akichukua damu ya ng'ombe wa watu, na Kiswahili alijifunzia huko huko kwa wafugaji. Ndiyo maana mpaka leo hii ananiita "yeyo," kama Wamaasai wanavyomwita mama. Mwaka wake wa pili malaria ikampanda kichwani. Nilimuuguza mwenyewe, nikamlisha uji kwa kijiko, huku akizungumza Kiarabu na watu nisiowaona. Akapona, akamaliza kazi yake, akarudi kwao. Mama yake aliposikia habari ile aliapa kwamba ni lazima amwone kwa macho yake mwanamke aliyemlisha mwanawe. Hazikupita siku nyingi, tiketi ikanifikia.

Kabla sijapanda ndege naomba nieleze jambo moja la nyumbani, maana nilisafiri nalo mpaka huko.

Baba yangu ni mkulima wa kahawa mlimani, Umeruni, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kijiji chetu. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, kijiji kiligawanyika. Kukawa na watu wa chama na watu wa kampuni, na hata kanisani walikaa mabenchi tofauti. Baba alibaki na chama. Mdogo wake, baba mdogo Sifaeli, akaenda kampuni. Bei ilipoanguka, baba mdogo aling'oa mibuni yote katika kipande chake, mibuni iliyopandwa na babu kwa mkono wake, akapanda nyanya. Baba akasema mbele ya washili, wazee wa koo zetu, kwamba afadhali angefukua kaburi la babu. Akaongeza neno lililotuumiza wote: siku yeye akifa, Sifaeli asikanyage shambani kwake. Katika ukoo wetu udongo wa kwanza kaburini hutupwa na ndugu wa marehemu. Baba mdogo alihamia Kikwe, huko chini tambarare, na tangu hapo hawajasalimiana. Sasa baba ana ugonjwa wa moyo. Niliogopa siku ya mazishi kuliko nilivyoogopa kifo chenyewe, kwa sababu kaburi lile lingewagawa hata watoto wetu.

Siku ya kuaga nilipanda mlimani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia unakwenda kulishwa ngamia."

"Nakwenda kushukuriwa, baba."

"Basi kula huyo ngamia, umshukuru na yeye," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nikataka kumtajia baba mdogo. Aliniona nikifungua mdomo, akashika jembe. Nikaufunga.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Nairobi, ambako ndege ingeondokea. Ngaramtoni ilikuwa siku ya soko: akina mama na viroba vya mahindi, wafugaji na mbuzi wao, vumbi limewafunika wote bila ubaguzi. Tulipopita Longido nilifanya kile ninachofanya kila mara, nikamsimulia jirani yangu ambaye hakuniuliza. Nilimwambia kwamba mlima ule Waingereza na Wajerumani waliupigania kwenye ile vita kuu ya kwanza, na kwamba babu yangu alikamatwa kubebeshwa mizigo ya jeshi, kwanza la Wajerumani, kisha la Waingereza, mizigo ile ile. Jirani alisema "Kumbe!" akalala. Mimi nilibaki nikitazama nyanda za Namanga na kufikiri kwamba historia yote naijua.

Amman tulifika alasiri, kupitia Cairo. Ni mji wa mawe meupe, wa vilima na vilima, na nyumba zimepandana migongo. Mama yake Nayef alikuwa mlangoni. Hakunisalimia kwa maneno. Alishika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akautazama kiganja kama anayetafuta kijiko, kisha akaubusu. Mimi mtu wa Meru sijazoea kubusiwa mkono, nikaanza kulia, naye akalia, na Nayef akasimama katikati akisema, "Yeyo, basi, basi, chakula kinapoa." Nililishwa siku zile mpaka nguo zikanibana. Namshukuru mama yule kila ninapoonja limau la chumvi, maana alinifungia chupa nzima.

Kisha tukaelekea kusini. Kaka mkubwa wa mama huyo, Mzee Abu Khalaf, anaishi jangwani upande wa Ramu, na alikuwa ametuma neno kwamba mgeni asipofika kwake ni tusi. Barabara inakwenda nusu siku katikati ya mchanga na kokoto, na mara kwa mara reli nyembamba inatokeza pembeni.

"Hii ndiyo reli ya Waturuki," Nayef akasema. "Ilikwenda mpaka Madina. Wakati wa vita Waarabu waliilipua."

"Naijua," nikasema. "Nafundisha. Waarabu wakiongozwa na Sharifu wa Makka waliasi utawala wa Waturuki, wakisaidiwa na Waingereza. Mistari miwili kwenye kitabu chetu."

Nayef alicheka. "Yeyo, Waarabu gani?"

Kwenye mistari yangu miwili walikuwa Waarabu tu, wamesimama pamoja kama wanafunzi wa gwaride.

Njia nzima akanieleza. Sharifu alikuwa na wanawe, na wanawe walikuwa na dhahabu ya Waingereza na ahadi zao, lakini jangwa lilikuwa la makabila, na kila kabila lilipiga hesabu zake. Bani Sakhri, wengine walikuja kwa Sharifu, wengine walibaki na serikali. Mkuu wa kabila la Ruwala alikaa muda mrefu akipokea wageni wa pande zote mbili na kuwachekea wote. Kule mashariki, kabila la Shamari walikuwa upande wa Waturuki, na mtawala wa ukoo wa Saudi kule Riyadh hakuwapenda Waturuki lakini hakumpenda Sharifu pia. Na Wahuweitat, kabila la mama yake Nayef, walikuwa nyumba mbili zilizochinjana kwa miaka mingi kabla ya vita. Nyumba moja ilimfuata mtoto wa Sharifu ikashuka naye mpaka bandari ya Akaba. Nyingine ilikula mkate wa Waturuki wa mji wa Maani na kuilinda reli.

"Ndugu wa damu?" nikauliza.

"Babu mmoja. Na leo wanakaa hema moja."

Nilitazama nje. Nilikuwa nimesafiri umbali wote ule nikidhani nimewaacha nyuma baba na mdogo wake, kumbe walitangulia kufika.

Ramu tulifika mchana, jua likiwa kali. Majabali yake mekundu yamesimama wima kutoka mchangani, na katikati yake hema la Mzee Abu Khalaf, refu, jeusi, la manyoya ya mbuzi. Mzee alitoka mwenyewe kutulaki. Ni mtu mwembamba mwenye ndevu nyeupe, na jicho moja hulikunja anapofanya utani. Nilikalishwa upande wa wanaume, mahali pa heshima, kwenye mto mwekundu. Wazee wengine walikuwepo, wamejaa, wanaongea kwa sauti kubwa kama baraza la kwetu siku ya mgogoro wa mpaka. Mzee akachukua birika la shaba kutoka motoni, akanimiminia finjani ya kahawa, robo tu, yenye harufu kali ya iliki, akanipa.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Msomaji wa kwetu atanielewa. Umeruni mtu akikukaribisha kinywaji, yeye mwenyeji ndiye anayeonja kwanza. Anapiga funda moja mbele yako, ujue hakuna sumu, kisha anakupa. Mgeni anayekimbilia kunywa kabla ya mwenyeji hajafunzwa. Basi mimi niliipokea finjani kwa mkono wa kulia, nikashukuru kwa kichwa, nikaiweka chini mbele yangu taratibu, nikangoja mzee aonje. Baadaye niliambiwa alikuwa ameshaonja pale motoni kabla sijaketi, mimi nikiwa nashangaa majabali.

 Aliyekuwa anacheka aliacha kicheko nusu. Mzee alirudisha birika motoni polepole, akakaa, akaniangalia. Nikafikiri labda nimekalia mto usio wangu.

"Yeyo," Nayef akaninong'oneza, jasho likimtoka, "umefanya nini?"

"Nimeweka kikombe chini. Nangoja mjomba wako aonje."

"Kwetu mgeni akiiweka finjani chini bila kunywa, maana yake ana haja. Hanywi mpaka mwenyeji akubali. Na mwenyeji akikataa, aibu inakuwa yake."

"Mwambie sina haja. Nimekosea."

"Nimwambie hivyo, nani ataamini? Wewe uliniokoa mimi. Wanadhani umefuata malipo. Wanangoja kusikia."

Nilitazama zile nyuso. Walikuwa na wasiwasi kweli, na mmoja nahisi alishaanza kuhesabu ngamia wake kichwani. Nilitaka ardhi ipasuke. Mzee Abu Khalaf akasema maneno machache, na Nayef akayatafsiri: "Anasema, kunywa kahawa yako, mama wa pili wa Nayef. Unachotaka, kama kiko mikononi mwetu, umepewa."

Alikuwa amenipa kabla ya kuniuliza ni nini. Nilishika finjani, na jambo ambalo nilishindwa kumwambia baba yangu mzazi likanitoka mbele ya wazee nisiowajua.

"Mwambie nina baba na mdogo wake. Walinyonya ziwa moja. Biashara ya kahawa imewagawa, mmoja huku, mwingine kule, na baba amesema ndugu yake asimzike. Baba ni mgonjwa. Mwambie nimesikia njiani kwamba hapa ndugu walikwenda pande mbili za vita yenyewe, na leo wamekaa hema moja. Nataka aniambie walirudije."

Nayef alitafsiri. Alipofika mwisho, mzee alicheka kidogo, kwa upole, na wale wengine wakashusha pumzi. Nikanywa. Ilikuwa chungu, na katika kahawa yote iliyopita mikononi mwetu ukooni tangu babu, nadhani hiyo ndiyo finjani ya kwanza niliyoinywa mpaka mwisho. Kwetu kahawa tunalima, tunauza, kisha tunakunywa chai.

"Huyu mwalimu ameuliza swali ambalo wenye kamera hawaulizi," mzee akaanza. "Wao wanataka habari za reli na baruti. Baba wa baba yangu alikuwa upande wa mtoto wa Sharifu. Baba wa mama yangu alikuwa upande wa Waturuki. Kati yao kulikuwa na damu tangu zamani. Mjumbe wa Sharifu alikuja katika hema la babu, akaiweka finjani chini. Akasema, haja yangu ni kwamba damu yenu ilale mpaka Mturuki aondoke. Babu aliumia, lakini finjani ilikuwa chini. Akakubali. Wakaenda vitani, kila mmoja upande wake."

"Na damu ikalala?" nikauliza.

"Ikalala wakati wa vita. Waturuki walipoondoka, wakaja Waingereza na Wafaransa, wakaikata nchi kama jibini, na ahadi zao zikawa upepo. Sisi tukabaki na uhasama wetu. Ukaamka. Waliuana tena." Alikunja lile jicho moja, lakini safari hii haukuwa utani. "Haja ya Sharifu ilikuwa ya Sharifu. Alivilaza visasi vyetu kwa ajili ya vita yake. Ilipokwisha, na suluhu ikaisha."

"Sasa nani aliwapatanisha?"

"Hakuja mjumbe. Majira ya baridi, babu yangu alipanda ngamia peke yake, akaingia katika hema la adui yake. Wangeweza kumuua kabla hajashuka. Wakampa kahawa kwa sababu yeyote anayeingia hupewa kahawa. Akaiweka chini. Wakamuuliza haja yako nini. Akasema, binti yako kwa mwanangu." Mzee akajigusa kifua. "Mimi ni mtoto wa finjani ile."

Wazee wote waliitikia kwa pamoja neno ambalo sikulielewa wala sikuhitaji tafsiri. Nilishukuru. Wakati wa kuondoka, mzee aliisuuza finjani niliyonywea, akaifunga katika kitambaa, akanipa. "Kampe baba yako," akasema. "Lakini mwambie haifanyi kazi ikibebwa na mjumbe."

Siku ya mwisho Nayef alinipeleka Akaba, nikachovya miguu baharini. Nakiri sikuona mengi. Nilikuwa nimeshapata nilichokiendea bila kujua nakiendea.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Basi kutoka Nairobi lilipofika Ngaramtoni Mlima Meru ulikuwa wazi, hauna wingu hata moja, na nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka kondakta akasema amina. Jumapili baada ya ibada nilipanda kwa baba. Nikamsalimu, nikampa malimau ya chumvi, akakunja uso, akala manne. Kisha nikaweka finjani mezani, nikamsimulia yote bila kuruka, hata kosa langu.

Aliigeuza geuza mkononi. "Hii hata funda moja haitoshi. Waarabu ni wachoyo."

"Wanakuongezea, baba."

"Huyo mzee alikwenda mwenyewe? Hakutuma washili wao?"

"Mwenyewe."

 Aliiweka finjani dirishani, karibu na redio, akaniuliza habari za shule. Nikateremka mlima nimevunjika moyo.

Jumamosi moja asubuhi nilisikia hodi Engutoto. Ni baba, amevaa koti lake la kanisani, anahema. "Nisindikize Kikwe," akasema. Mkononi hakuwa na kitu. Nikamuuliza ile finjani iko wapi. "Vikombe Sifaeli anavyo," akajibu.

Kikwe tulimkuta baba mdogo nyuma ya nyumba akifunga nyanya kwenye matenga. Alipomwona kaka yake, aliacha kamba mikononi ikaning'inia. Amezeeka, nikaona, amezeeka kuliko baba.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba."

Tukaingia ndani. Mama mdogo, mkewe, alikuja na chai ya maziwa haraka haraka, vikombe vikigongana kwenye sinia. Baba alipokea chake kwa mkono wa kulia. Akakiweka chini sakafuni, kati ya miguu yake. Akanyoosha mgongo, akangoja.

Nilijua anangoja kuulizwa haja yake. Lakini Kikwe siyo Ramu, na hapakuwa na mtu wa kuuliza haja yako nini. Baba mdogo alikitazama kile kikombe, na uso wake ukabadilika. Nikaona anachokifikiri hata kabla hajakisema, na nikataka kujificha.

"Kaka," akasema, "umenisema mbele ya washili, nikavumilia. Umekuja nyumbani kwangu baada ya miaka yote hii, unadhani nitakuwekea sumu?"

Akainuka, akakiokota kikombe sakafuni, akapiga funda kubwa, chai ya moto, mpaka machozi yakamtoka. Nadhani hayakuwa ya chai peke yake. Kisha akamnyooshea kaka yake kikombe kile kile kwa mikono miwili.

Baba alinigeukia, kama mwanafunzi anayeomba jibu chumba cha mtihani. Sheria za jangwani zinasema asinywe kabla ya kupewa haja yake. Za kwetu zinasema mwenyeji akishaonja, hakuna mgeni wa kukataa. Mimi mwalimu nikatazama sakafu.

Baba akanywa. Akanywa mpaka majani ya chai yakabaki.

"Nilikuja na haja," akasema, akijifuta mdomo.

"Haja gani?"

"Uje unizike."

Baba mdogo alikaa. Alitazama mikono yake yenye kijani cha nyanya. "Kwani unakufa leo?"

"Leo hapana."

"Basi na mimi nina haja. Nipe miche ya mibuni. Nimechoka na nyanya."

Baba alianza kucheka, akakohoa, na baba mdogo akainuka kumpigapiga mgongoni. Mama mdogo akaenda kuongeza chai, nami nikamfuata jikoni ili nilie vizuri.

Nawashukuru watu wa Ramu, na mama aliyenibusu mkono, na Mzee Abu Khalaf aliyenipa kabla ya kuniuliza. Kidato cha nne sasa nawafundisha uasi ule kwa vipindi viwili badala ya mistari miwili, na swali la kwanza ninalowauliza ni Waarabu gani. Finjani bado iko dirishani kwa baba, karibu na redio. Baba mdogo akipanda mlimani huwa anaitumia kupimia mbegu za kahawa.